Upasuaji wa uvimbe wa koromeo kupitia mdomoni: tathmini kwa wagonjwa wa Mtwara na Lindi

Tuanze na hukumu. Kwa uvimbe wa tonsili au wa shina la ulimi usiozidi sentimita 4, kwa mgonjwa anayefungua mdomo vizuri, kupasuliwa kwa njia ya mdomo ni bora mara nyingi kuliko kukatwa taya. Hilo halina ubishi mkubwa tena. Lakini kwa mtu wa Newala, Liwale au Kilwa Kivinje, uzuri wa huduma hii hauamuliwi na roboti wala leza. Unaamuliwa na wiki mbili zinazofuata upasuaji, na kama katika siku hizo atakuwa karibu na chumba cha upasuaji kinachoweza kumpokea usiku wa manane akitokwa damu kooni. Matangazo ya hospitali za nje, na madalali wanaoyasambaza huku kwa WhatsApp, husimulia mashine kwa kirefu na kuziruka hizo wiki mbili.

Kwanza ieleweke huduma hii imechukua nafasi ya nini. Koromeo limejificha nyuma ya ulimi na taya, na zamani daktari aliyetaka kulifikia alilazimika kujifungulia njia: mdomo wa chini unapasuliwa katikati hadi kidevuni, mfupa wa taya unakatwa kwa msumeno, nusu yake inasogezwa pembeni, uvimbe unatolewa, halafu taya linaunganishwa tena kwa bamba na skrubu. Mgonjwa hutoka na tundu la kupumulia shingoni na mpira wa kulishia, na mara nyingi pengo hufunikwa kwa nyama iliyohamishwa kutoka kifuani au mkononi. Upasuaji huo bado upo na bado unaokoa maisha ya wenye uvimbe mkubwa. Ila kumfanyia hivyo mtu mwenye uvimbe wa sentimita 2 ni adhabu.

Njia ya mdomo haiachi kovu usoni wala haigusi taya, na wengi wanaofaa kwa upasuaji huu hawahitaji tundu shingoni. Kulazwa huwa kwa siku chache, si wiki. Kwa hayo tu inastahili sifa zake.

Mashine tatu, kazi moja

Watu husema "upasuaji wa roboti" kana kwamba roboti ndiyo matibabu. Roboti ni chombo kimojawapo. Leza ya kaboni dayoksaidi ni kongwe zaidi: Strong na Jako wa Boston walishaitumia kooni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye Wolfgang Steiner wa Ujerumani akaiendeleza kwa uvimbe wa saratani, akiukata vipande makusudi ili aone kwa hadubini saratani imezama hadi wapi. Bomba la chuma huingizwa mdomoni na kutundikwa lisitikisike, hadubini ya lenzi ya milimita 400 husogezwa juu yake, na mwanga hukata nyama huku ukiziba mishipa midogo. Vifaa vyake ni nafuu kuliko roboti kwa mbali sana. Udhaifu wake ni kwamba mwanga huenda moja kwa moja. Nyuma ya kona ya shina la ulimi haufiki vizuri.

Leza ina hatari yake nyingine, na hii isifichwe: moto. Mpira wa kupumulia wa kawaida ukipigwa na leza penye oksijeni nyingi huwaka ndani ya njia ya hewa. Ndiyo maana hutumika mpira maalumu unaostahimili leza, puto lake hujazwa maji ya chumvi yaliyotiwa rangi ya buluu badala ya hewa ili likitoboka rangi ionekane, oksijeni hushushwa chini ya asilimia 30, na nyama ya jirani hufunikwa kwa shashi mbichi. Hospitali yenye leza lakini isiyo na mipira hiyo haijakamilika kwa kazi hii.

Roboti inayotumika zaidi ni da Vinci. Gregory Weinstein na Bert O'Malley wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ndio waliofungua njia ya kuitumia kooni, na Desemba 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ikairuhusu kwa uvimbe wa kooni wa hatua ya kwanza na ya pili. Toleo lake linalopitisha kamera na vyombo vyote katika mrija mmoja liliruhusiwa kwa koo mwaka 2019. Faida yake ni kona: kamera ya nyuzi 30 inatazama nyuma ya ulimi, na vidole vya chuma vinajipinda mahali ambapo mkono wa binadamu haungeingia. Roboti haikati kitu yenyewe. Daktari ameketi pembeni akiiongoza, na msaidizi wake ameketi kichwani mwa mgonjwa akifyonza damu na moshi. Katika matoleo mengi daktari haisikii nyama anayoivuta. Anaiona tu, imekuzwa, na inambidi akadirie ugumu wake kwa macho.

Ya tatu inatajwa kidogo mno. Madaktari wa Hispania walionyesha kwamba kazi hiyohiyo hufanyika kwa kamera ya kawaida ya endoskopi na kisu cha mawimbi ya sauti, bila roboti kabisa. Kwa nchi zenye fedha za kuhesabu, hii ndiyo ya kufuatiliwa. Na kwa mgonjwa, ukilazimika kuchagua kati ya daktari mwenye uzoefu mrefu wa leza na hospitali iliyonunua roboti juzi, mfuate daktari.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Sehemu ngumu si kukata, ni kufungua. Mgonjwa akishapigwa nusu kaputi, mpira wa kupumulia hupitishwa puani au kubanwa pembe ya mdomo iliyo mbali na uvimbe. Macho hufunikwa kwa miwani migumu, kwa sababu mikono ya roboti hupita sentimita chache juu yake. Meno ya juu huvalishwa kinga ya plastiki. Ulimi hushikwa kwa uzi mnene na kuvutwa mbele, kisha huingizwa fremu ya chuma ya kupanua mdomo yenye ulimi wa bamba, na hapo daktari hujaribu bamba hili na lile mpaka uvimbe wote uonekane pamoja na nyama salama kuuzunguka. Kama hauonekani wote, daktari mwenye busara husimama hapo na kubadili mpango. Fremu hiyo huubana ulimi, basi hulegezwa kila baada ya muda ili damu ipite; isipolegezwa, mgonjwa huamka na ulimi uliovimba, na wengine hubaki na ganzi ya ulimi au kupotewa na ladha kwa wiki kadhaa.

Kwa saratani ya tonsili, mkato wa kwanza huwa kwenye mkunjo unaoshuka nyuma ya gego la mwisho. Daktari huteremka hadi auone msuli wa kutafunia wa upande wa ndani, kisha husukuma ukuta wa koromeo kuelekea katikati. Nyuma ya ukuta huo kuna tabaka jembamba la mafuta, na nyuma ya mafuta hayo umelala mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Mafuta yakitokeza, daktari anajua amefika mpakani. Kaakaa laini hukatwa, misuli miwili inayoshuka kutoka kwenye mfupa mwembamba ulio chini ya sikio hukatwa, mishipa inayojitokeza hubanwa kwa klipu za chuma, siyo kuunguzwa tu, na mkato wa mwisho huachia nyama upande wa shina la ulimi. Kipande hutoka kizima, huwekwa nyuzi za alama, hubandikwa kwa pini juu ya kifaa tambarare, na mpasuaji mwenyewe humwonyesha mtaalamu wa patholojia upande wa juu ni upi na wa ndani ni upi. Kipande kilichotumbukizwa kwenye chupa bila alama ni hasara: majibu yakija kwamba ukingo una saratani, hakuna atakayejua ni ukingo upi.

Hapa ndipo pa kuuliza kama hospitali ina kipimo cha kugandisha, yaani kingo zinapimwa mgonjwa akiwa bado amelala, majibu ndani ya nusu saa hivi. Bila hicho, ukingo ukibainika mchafu baada ya wiki mbili mgonjwa hurudishwa mezani, au huongezewa mionzi na dawa ambazo angeweza kuziepuka.

Kidonda kwa kawaida hakishonwi. Huachwa wazi kijazie chenyewe, kazi ya wiki nne hadi sita. Juu yake hutanda utando mweupe wa manjano ambao ndugu wengi huudhania usaha na kukimbilia antibayotiki. Si usaha. Harufu mbaya ya mdomo nayo ni ya kawaida, na maumivu yanayochoma hadi sikioni pia, maana mshipa wa fahamu wa koo na wa sikio una njia ya pamoja.

Nani anafaa, nani harudishiwi nauli

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mgonjwa apanue mdomo na kuingiza vidole vyake vitatu, vikiwa vimesimama kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia, vizuri. Vikiingia viwili tu, swali ni kwa nini. Kama ni maumivu yanayombana, taya litalegea akilala usingizi wa dawa. Kama uvimbe umeshaingia kwenye msuli wa kutafunia, halitalegea, na hapo njia ya mdomo imefungwa, kwa sababu ya nafasi na kwa sababu saratani yenyewe imeshavuka mpaka. Kipimo hiki kinafanyika katika hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) kwa dakika moja, na kingewapunguzia watu safari za bure.

Wasiofaa wengine hujulikana kwenye picha ya CT au MRI: uvimbe ulioshika mfupa wa taya, ulionata kwenye uti wa mgongo, ulioukumbatia mshipa mkubwa wa shingo, au unaovuka katikati ya shina la ulimi kiasi kwamba mishipa yote miwili ya damu ya ulimi ingelazimika kufungwa. Kuna pia watu ambao mshipa mkubwa umepinda na kupita nyuma kabisa ya koromeo, karibu na tonsili. Hilo ni umbile tu, si ugonjwa, lakini asiyelitazama kwenye picha kabla ya kukata anacheza kamari na maisha ya mtu.

Uvimbe wa ndani zaidi, ule unaosukuma kaakaa na tonsili kutoka nyuma huku ngozi ya juu ikiwa safi, ni habari tofauti. Mwingi wake si saratani. Unatokana na tezi ya mate au mshipa wa fahamu. Mdogo, ulio upande wa ndani na wenye gamba kamili, huweza kutolewa kwa mdomo, lakini gamba likipasuka mbegu zake humwagika na uvimbe hurudi baada ya miaka. Mkubwa utolewe shingoni. Na unaodunda ukiguswa usichomwe sindano wala kukatwa kinyama (kipande kidogo cha nyama cha kupimwa) kupitia mdomoni kabla ya picha: upo uvimbe wa mishipa ya damu eneo hilo, na kuuchokoza ni kufungulia bomba.

Maandalizi kabla ya kuondoka Kusini

Wagonjwa wetu wengi hufika wamechelewa. Kidonda cha koo cha upande mmoja kinachozidi wiki tatu, tezi ya shingoni isiyopungua kwa muda huohuo, sikio linalouma ilhali ndani ni zima, mate yenye damu: mtu wa hivyo aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, hasa kama ni mvutaji au mzoefu wa uraka na gongo ya mabibo. Lakini na asiyevuta wala kunywa asirudishwe nyumbani, kwani virusi vya HPV navyo husababisha saratani ya tonsili na shina la ulimi.

Kosa linaloharibu kesi mapema ni kuipasua tezi ya shingoni kana kwamba ni jipu, au kumwanzishia mtu dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha. Tezi ichomwe sindano nyembamba kwanza. Picha nayo, kama inawezekana, itangulie kinyama, maana baada ya kukatwa koo huvimba na picha hushindwa kutenganisha uvimbe wa jeraha na wa saratani.

Kinyama kikichukuliwa, kiwekwe kwenye formalini ya asilimia 10, siyo maji ya chumvi wala spiriti, na kiasi cha formalini kiwe angalau mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Majibu yakitoka, omba pia kile kipande cha nta chenye kinyama chako na vioo vyake vya hadubini. Hospitali unayokwenda itataka kukisoma upya na kupima alama ya p16, inayoashiria saratani iliyotokana na HPV, na bila nta utakatwa tena. Picha za CT zichukuliwe kwenye CD. Zile filamu kubwa za kuangaliwa dirishani hazimsaidii daktari anayetaka kupima milimita.

Meno mabovu yang'olewe mapema, wiki mbili au tatu kabla ya mionzi kama itahitajika. Jino linalong'olewa baada ya mionzi laweza kuacha mfupa wa taya usiopona. Aspirini na dawa nyingine za kulainisha damu zitajwe kwa daktari, zisiachwe kimyakimya wala zisimezwe kimyakimya.

Damu: siku ya tano hadi ya kumi na nne

Katika kila wagonjwa 100, takribani 5 hadi 10 hutokwa damu baada ya upasuaji huu, na wachache kati yao hutokwa nyingi ya kutishia uhai. Saa chache za kwanza si ndizo zenye hatari zaidi. Ule utando mweupe hubanduka kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, na hapo ndipo mshipa uliokuwa chini yake hufunguka. Kwa ratiba za kawaida, mgonjwa siku hizo ameshatoka wodini na anajisikia nafuu. Kama ni msimu wa korosho, mawazo yote yako shambani.

Sasa itazame barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita takribani 560, Lindi ni karibu zaidi, na kati ya Rufiji na Mingoyo ni mwendo mrefu usio na hospitali yenye daktari wa koo. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo eneo la Somanga na magari yakalala pande zote mbili. Mtu anayeanza kutema damu mabonde ya Kilwa ndani ya basi la usiku ana nafasi finyu. Kwa hiyo ushauri wetu haupindi: aliyefanyiwa upasuaji huu Dar es Salaam asipande basi kabla ya siku ya kumi na nne kupita na daktari kumwangalia koo. Akae kwa ndugu wa Mbagala kama hana pengine, lakini njia ya kufika hospitali usiku ijulikane na nauli ya bajaji au teksi iwe imetengwa. Aliyefanyiwa India asikubali tiketi ya kurudi ya siku ya saba, hata kama kifurushi kimeandikwa hivyo.

Damu ikitoka, hata kijiko kimoja kilichokoma chenyewe, ni safari ya hospitali. Damu kidogo mara nyingi ni taarifa ya ile nyingi. Mgonjwa akae ameinama mbele, ateme, asimeze, na asilazwe chali, kwa kuwa anayekufa kwa tatizo hili mara nyingi hufa kwa kuziba pumzi kabla damu haijamwishia. Hospitali yoyote itakayompokea, hata ya wilaya, inaweza kufanya haya: dripu mbili za sindano nene, kupima kundi la damu, mashine ya kufyonza iliyo tayari, na kama ni tonsili inayoonekana, shashi iliyoshikwa kwa koleo refu na kukandamizwa upande wa nje, siyo nyuma. Karatasi yenye maelezo ya upasuaji iwe mfukoni mwa mgonjwa muda wote, siyo kwenye begi la shangazi.

Ipo hatua inayopunguza ukali wa tatizo hili, nayo ni kipimo kizuri cha umakini wa timu. Wakati wa kutoa tezi za shingoni, mpasuaji huifunga kwa makusudi mishipa inayolisha eneo la kidonda, hasa ule wa ulimi na ule wa uso. Haiondoi damu kabisa, lakini inapunguza ile kubwa. Muulize: "Dokta, mishipa ya shingoni mtaifunga?" Anayejua kazi atakujibu bila kukasirika.

Na ieleweke kwamba mionzi bila upasuaji ni mshindani halali. Utafiti wa ORATOR uliotoka mwaka 2019 kutoka Kanada uliwalinganisha wagonjwa 68, nusu mionzi, nusu upasuaji wa mdomoni. Baada ya mwaka, umezaji wa waliopata mionzi ulikuwa mzuri kidogo zaidi, ingawa tofauti haikuwa kubwa ya kumbadilishia mtu maisha, na mgonjwa mmoja wa upande wa upasuaji alifariki kwa kutokwa damu. Utafiti uliofuata, ORATOR2, ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu ya vifo viwili upande huohuo. Hii haina maana kwamba upasuaji ni mbaya. Ina maana kwamba anayekuambia hauna hatari anakuuzia kitu.

Kula tena

Siku za mwanzo chakula hupita kwenye mpira wa puani. Wengi wenye uvimbe mdogo huutoa ndani ya wiki mbili, wa shina la ulimi huchelewa kuliko wa tonsili, na aliyekatwa kidaka tonge, yaani kile kifuniko cha njia ya hewa, huchelewa kuliko wote kwa sababu chakula hutafuta mapafu. Namna ya kumeza anayofundishwa inaonekana rahisi ila inataka mazoezi: vuta pumzi, izuie, meza, kohoa kabla ya kuvuta pumzi tena, meza mara ya pili. Mlo wote uende hivyo, mgonjwa ameketi wima, na abaki wima nusu saa baadaye.

Maji matupu ndiyo humpalia mtu upesi, siyo uji. Uji wa ulezi wa uzito wa wastani ni salama zaidi kuanza nao. Korosho mbichi zilizosagwa laini sana na kuchujwa kwenye uji humwongezea nguvu mtu aliyekonda, na huku kwetu si bidhaa ya kutafuta mbali. Chenga zikibaki, zitamkwama kidondani. Ugali wa muhogo usubiri. Samaki wa miiba mingi asubiri zaidi. Pilipili, ndimu na ukwaju vinachoma kidonda kwa wiki kadhaa. Dawa za maumivu zinywewe nusu saa kabla ya mlo, ziwe za maji au zilizosagwa, na diklofenaki ya dukani isitumike mpaka daktari aruhusu.

Homa na kikohozi cha makohozi siku chache baada ya kuanza kula ni dalili kwamba chakula kimeingia mapafuni. Mgonjwa arudi kupimwa. Kumwambia "pole, utazoea" si matibabu.

Shingo, mionzi na kile ambacho kifurushi hakisemi

Kutoa uvimbe kooni ni nusu ya kazi. Saratani ya koromeo hupenda tezi za shingoni hata zikiwa hazijavimba, hivyo upande huo husafishwa, siku ileile au wiki moja hadi tatu baadaye. Kovu hilo linakuwepo, nje ya shingo, pamoja na bega lililochoka kwa muda. Wanaotangaza "bila kovu" huwa wanazungumzia mdomo tu.

Majibu kamili ya patholojia ndiyo huamua yanayofuata. Tezi moja ndogo na kingo safi, huenda mgonjwa akaachwa kwa uangalizi. Tezi kadhaa, mionzi, kwa kawaida Gy 60 (grei, kipimo cha mionzi) katika vipindi 30, siku tano kwa wiki, yaani wiki sita. Ukingo mchafu, au saratani iliyopasua gamba la tezi, na dawa ya sisplatini huongezwa. Mionzi hiyo ianze ndani ya wiki sita tangu upasuaji. Ikichelewa, faida hupungua. Kwa mtu wa Masasi au Nachingwea maana yake ni kupanga Dar es Salaam, karibu na taasisi ya saratani ya Ocean Road, wiki sita mfululizo. Hilo lihesabiwe kabla ya upasuaji, kwa sababu kama picha inaonyesha wazi kwamba mgonjwa atahitaji upasuaji, mionzi na dawa vyote vitatu, mara nyingi ni afadhali kuanza moja kwa moja na mionzi na dawa, wiki saba, na kuliacha koo bila kisu. Daktari wa mionzi na mpasuaji wakae meza moja kabla ya uamuzi. Hospitali ambayo mgonjwa anamwona mpasuaji peke yake na kupewa tarehe siku hiyohiyo, tunaipa alama ndogo hata kama ukumbi wake una marumaru.

Kuhusu bei, soma kilichoachwa nje. Bei ya "upasuaji wa roboti siku tano" mara nyingi haina usafishaji wa shingo, kipimo cha kugandisha, ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), wala kurudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya damu. Kila kimoja kati ya hivyo kiandikwe kwa jina na bei yake kabla hujatuma hata senti. Mwenye kadi ya NHIF apate jibu la maandishi kuhusu kipi kinalipiwa, na anayetaka rufaa ya nje kwa gharama za serikali ajue kwamba hupitia Wizara ya Afya. Dalali hana njia ya mkato hapo.

Ufuatiliaji ndiyo sehemu ambayo mgonjwa wa Kusini anaweza kuipata bila safari ndefu. Mwaka wa kwanza koo na shingo viangaliwe kila mwezi mmoja hadi mitatu, mwaka wa pili kila miezi miwili hadi sita, kisha mara chache zaidi hadi mwaka wa tano. Kamera nyembamba ya puani katika hospitali ya rufaa yenye kliniki ya koo inatosha kwa ziara nyingi, ripoti ikapelekwa kwa mpasuaji. Aliyepata mionzi ya shingo apimwe pia homoni ya TSH kila miezi sita hadi kumi na miwili, kwa kuwa tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, huzimika taratibu, na uchovu wake hudhaniwa ni uzee au malaria.